Mtoto Asilie Ndegeni

Nilipewa kazi ya kufundisha watu kupanda ndege wakati mimi mwenyewe sijawahi kupanda. Kwa Kigoma ya miaka ile hilo halikuwa jambo la kushangaza. Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam, nimerudi Ujiji na shahada ambayo hakuna aliyeiulizia, na karibu kila kazi yenye mshahara wa maana mkoani ilikuwa kazi ya wakimbizi: kuwaandikisha, kuwagawia unga, kuwapima, kuwatafsiria. Wachache wao walikuwa wamekubaliwa kwenda kuishi nchi za mbali, na hao walihitaji kuandaliwa. Mimi niliangukia huko. Somo langu lilikuwa jinsi ya kusafiri kwa ndege na watoto wadogo, kwa utulivu na bila usumbufu.

Mama yangu aliposikia aliweka chini ungo wa dagaa aliokuwa akipepeta.

"Wewe? Wewe uliyekwenda chuo kwa treni, ukarudi kwa treni, tena ukatapika kabla ya kufika Tabora?"

"Nimefanyiwa mafunzo, mama. Wiki nzima."

"Haya. Na mimi wakinifanyia wiki moja nitapasua watu."

Kambi ilikuwa mbali na ziwa, saa kadhaa za vumbi na mashimo. Darasa lilikuwa banda la mabati. Ndani tulipanga viti vya plastiki viwili viwili, tukaacha njia katikati, na kila kiti tulikifunga utepe wa kitambaa uwe mkanda. Nilisimama mbele nikinyoosha mikono kuonyesha milango ya dharura ambayo haikuwepo. Kisha nilifundisha yaliyokuwa kwenye kitabu. Mtoto habebwi mgongoni ndani ya ndege, anapakatwa. Ndege ikipanda, mchanga anyonye titi na mkubwa anyonye pipi, masikio yasiume. Apewe kitu kimoja anachokipenda akishike njia nzima. Aambiwe mapema, kwa maneno rahisi, anakokwenda na anakwenda na nani. Na mama awe mtulivu, kwa sababu mtoto humwangalia mama usoni ndipo aamue kama alie.

Hili la mwisho lilinikera tangu siku ya kwanza. Wanawake waliokaa mbele yangu walikuwa wametoka ng'ambo, upande wa Kongo, na wengi walivuka ziwa katika mitumbwi iliyojaa, bunduki zikilia nyuma yao, na mtoto akikohoa tu abiria wengine wanamkodolea mama macho. Sasa walikuwa wakifundishwa utulivu wa safari na mtu wa Ujiji mwenye kitabu chenye picha. Nilimuuliza bosi wetu kama sura ile ilikuwa ya lazima. Akasema ndiyo sura muhimu kuliko zote.

Wanawake wenyewe hawakukasirika. Walinichekea.

"Mwalimu," mmoja aliniuliza kwa Kiswahili chao cha ng'ambo, "weye uko na batoto ngapi?"

"Sina."

"Hata moja?"

"Hata mmoja."

"Na ndege umepanda mara ngapi?"

Ningeweza kukwepa. "Sijapanda bado."

Banda zima lilicheka hadi mabati yakaitikia. "Basi tukifika tutakupigia simu," alisema mwingine, "tukuambie kama ulisema kweli!"

Siku nyingine ilikuwa pampasi. Kitabu kilishauri hata mtoto aliyekwisha kuacha kujikojolea avalishwe, kwa vile foleni ya choo ndani ya ndege inaweza kuwa ndefu. Mama mmoja alimsukuma mwanawe mbele, kijana wa miaka kama sita, mguu umejaa makovu. "Huyu? Huyu mwanaume anakata kuni! Nimuvalishe mimi, ao utamuvalisha weye?" Kijana alitoka mbio, na somo likaishia hapo.

Katika darasa hilo alikuwa akija bibi mmoja ambaye hakuwa msafiri. Alikaa nyuma, na mgongoni alikuwa na mjukuu wake, msichana wa miaka minne hivi, mkubwa mno kubebwa, miguu ikining'inia hadi magotini mwa bibi. Mara ya kwanza nilimwambia kwa adabu kwamba darasa ni la wanaosafiri tu.

"Mtoto anasafiri," alinijibu. "Mama yake hajui namna analala. Miye ndiye najua."

Mama wa mtoto, yaani binti yake, alikuwa viti vya mbele na mwingine mchanga kifuani. Habari yao niliijua baadaye kidogo kidogo. Mume alirudi ng'ambo kabla huyu mchanga hajazaliwa, na hakuna aliyejua kama yu hai. Binti alipojifungua huyu msichana, hapo hapo kambini, aliugua muda mrefu, na bibi akamchukua mtoto mgongoni akawa hajamshusha tena. Mtoto alikula mkononi mwa bibi, alilala kwenye mkeka wa bibi, na alimwita Koko, kama wanavyowaita bibi na babu kwao. Mama yake mzazi, mtoto alimwona kama dada fulani anayeishi nyumba ya pili.

Sasa binti na watoto wake wawili walikuwa wamepata safari. Bibi hakupata. Alikuwa amevuka ziwa baada ya binti yake, akaandikishwa peke yake, na kwa macho ya ofisi alikuwa familia nyingine. Nilikwenda kuuliza. Niliambiwa suala lake linaangaliwa. Niliuliza linaangaliwa na nani, na tangu lini. Yule kijana wa ofisini, tuliyesoma naye sekondari Kigoma mjini, alicheka kwa huruma akaniambia, "Wewe bado una chuo kichwani. Jibu la bibi litatoka."

Halikutoka.

Niseme pia kilichokuwa kikimtisha bibi, kwa sababu bila hicho hutamwelewa. Muda mfupi kabla yao, familia moja ilirudishwa kutoka uwanja wa ndege wa Kigoma. Mtoto wao alishikwa na hofu kwenye ngazi, akapiga kelele, akamng'ata mhudumu, akajitupa chini, na wale wa ndege wakasema hawawezi kuruka na mtoto katika hali ile. Familia iliambiwa ingesafiri mara nyingine. Muda wote niliofanya kazi pale sikuiona ikiitwa tena. Baba yao alikuwa akipita mbele ya banda letu kila nilipofundisha, anasimama, anasikiliza, anaondoka. Kila mtu kambini alimjua, na kila mama mwenye safari alikuwa na woga mmoja: mtoto wangu asilie. Pengine tulisaidia kuupanda woga huo, sisi na sura yetu muhimu kuliko zote.

Siku niliyofundisha kuhusu kitu anachokipenda mtoto, bibi aliinua mkono.

"Mwalimu, hicho kitu anapenda. Kama ni mtu?"

Wanawake waliokuwa wakinong'ona waligeuka wakamtazama. Mimi nilifungua kitabu kana kwamba jibu lingekuwemo. Nilimwambia nitauliza. Nilimuuliza bosi, naye akanipa jibu papo hapo, bila kuacha kuandika: "Mpe mdoli." Tulikuwa na boksi la midoli ya kitambaa. Nilimpelekea msichana mdoli mmoja. Aliupokea, akamfunga Koko mdoli huo shingoni kwa uzi, akaendelea kupanda mgongoni.

Wiki mbili tatu baadaye nilipita kwenye nyumba yao nikamkuta mtoto amesimama nje ya mlango, analia kwa ile sauti ya mtoto aliyelia muda mrefu mpaka hajui tena kwa nini. Ndani bibi alikuwa akitwanga sombe, yaani kisamvu. Hakuinua kichwa.

"Koko, nibebe."

"Enda kwa mama yako."

"Koko!"

"Umekuwa muzito. Unaninukia. Enda."

Niliingia. "Shikamoo, Bibi. Mtoto amefanya nini?"

"Marahaba. Hakufanya kitu."

"Sasa mbona unamfukuza?"

"Ninamuachisha."

Sikuelewa. Aliusimamisha mchi, akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia darasani nikinyoosha mikono.

"Weye hukuachishwa ziwa? Mama yako alipaka nini?"

Nilisema sijui.

"Miye nilipaka shubiri, batoto bangu bote. Mtoto anakuja, anaonja, anatema, analia. Kesho anakuja tena, anaonja. Halafu siku moja analiangalia titi, anageuka mwenyewe. Ukimwambia mtoto maziwa yamekwisha, hasikii. Lazima alikatae mwenyewe." Akaanza tena kutwanga. "Sasa miye sina titi. Niko na mdomo."

Nilikaa kwenye kigoda nikabishana naye. Huo ndio ugonjwa wangu, kubishana. Nilimwambia kitabu kinasema kinyume. Nilimwambia mtoto anaweza kuambiwa ukweli, kwamba anasafiri na Koko anabaki, na Koko anampenda, na huenda siku moja Koko naye atafuata.

"Halafu?"

"Halafu ataelewa, Bibi. Polepole."

"Ataelewa nini, mwalimu? Weye umeelewa?"

Mimi niliyesoma miaka mitatu, niliyekwenda ofisini kuuliza mara mbili, sikuwa nimeelewa kwa nini mwanamke aliyemlea mtoto tangu siku ya kuzaliwa ni familia nyingine. Nilikuwa nikimtaka mtoto wa miaka minne aelewe.

Binti hakukubali. Niliwasikia wakizozana siku nyingine nilipokuja kumpa taarifa ya safari.

"Mama, unamuonea. Anaota usiku anakuita."

"Anaitika nani?"

"Miye."

"Basi umeona."

"Basi sisafiri. Tutabaki sote."

"Baki," alisema bibi. "Ukibaki, na weye nitakukataa."

Nilirudi Ujiji nikamsimulia mama yangu. Nilitegemea atashangaa. Alisema tu kwamba mimi nilikuwa sugu, kwamba pilipili haikufaa, ikabidi bibi yangu atafute shubiri.

"Ukaniangalia kama mwizi," alisema. "Hukunisogelea. Ulikuwa unakwenda kwa baba yako."

"Sikumbuki."

"Utakumbukaje? Ungekuwa unakumbuka ungenipiga mawe."

Nilifikiria hilo usingizi ukiwa mbali. Mimi nilikataa titi, lakini mama alibaki pale pale, mwili ule ule, na baada ya muda nikamrudia. Shubiri ya bibi ilikuwa inapakwa kwa mtu ambaye hatakuwepo kurudiwa. Mtoto angebeba ladha tu.

Na nilifikiria jambo jingine, la nyumbani. Babu wa babu yangu alitoka ng'ambo hiyo hiyo ya ziwa, Manyema, wakati wa misafara ya pembe za ndovu. Hakuna aliyemuuliza ni familia ya nani. Leo sisi tunaitwa wenyeji wa Ujiji, tunawaita wenzetu wakimbizi, na tunalipwa kuwafundisha namna ya kuondoka. Nilimwambia bosi hivyo siku moja. Alisema ni wazo zuri sana, kisha akaniuliza kama viti vya darasani vinatosha.

Siku ya safari mabasi yalisimama kwenye uwanja wa kambi asubuhi. Watu waliimba nyimbo za kanisani, wakaombeana, wakashikana shingo wakikataa kuachana. Bibi alikuja, lakini alisimama mbali, karibu na bomba la maji, mikono nyuma. Binti alimsogeza mtoto kwa bega.

"Muage Koko."

Mtoto aliuficha uso kwenye kitenge cha mama yake.

"Muage Koko, mwanangu. Mara moja tu."

"Mwondoeni huyo," bibi alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ananichosha."

Mtoto aligeuka, akapanda ngazi za basi mwenyewe, kabla ya watoto wote, mdoli kwapani. Wanawake wawili walimtazama bibi kwa chuki. Hawakujua. Mimi nilijua na bado kwa muda kidogo nilimchukia.

Walilala mjini, kwenye nyumba ya wageni upande wa Bangwe, na kesho yake mwenzangu aliyepangwa kuwasindikiza hadi Dar es Salaam aliamka na homa. Nikaambiwa niende mimi. Hivyo ndivyo nilivyopanda ndege mara ya kwanza maishani, nimevaa kitambulisho shingoni kilichosema ni mtaalamu.

Mtoto alifanya kila kitu kama kilivyo kitabuni. Alipanda ngazi bila kushikwa. Alikaa dirishani, akafunga mkanda, akamfunga na mdoli. Nilipompa pipi aliiweka shavuni, akasubiri. Ndege ilipoanza kukimbia ni mimi niliyeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na ni masikio yangu yaliyouma kana kwamba sijawahi kufundisha neno. Tuligeuka juu ya maji. Watu hupenda kusema kwamba ukiwa juu huoni mpaka. Mimi niliuona vizuri sana. Ni ziwa lenyewe, refu, halina mwisho kaskazini wala kusini, na milima ya Kongo nyuma yake kama ukuta wa nyumba ya jirani.

Hapo ndipo mama wa mtoto alipoanza kulia. Si kilio cha kufuta machozi. Alilia kwa sauti, kinywa wazi, kama kwenye msiba, mpaka yule mchanga naye akadakia na abiria wakageuza shingo. Mhudumu alikuja haraka. Nilijua sentensi ninayopaswa kuisema, ya mama kuwa mtulivu. Nilikuwa nimeisema mbele ya watu wengi sana, na sasa haikutoka.

Mtoto aliutoa mkono wake kwenye mdoli, akamgusa mama yake mkononi.

"Mama, usilie," alisema. "Koko ni mubaya."

Kisha akageukia dirisha.

Mama aliacha kulia kama aliyemwagiwa maji. Alifungua mdomo. Niliona anataka kusema hapana, na niliona pia anachokihesabu: akisema hapana, Koko si mbaya, Koko alikuwa anajifanya, mtoto ataanza kumtaka Koko hapa hapa angani, na mbele yao kuna Dar es Salaam, na baada yake ndege kubwa, na nyingine, siku nzima na usiku, na popote hapo mtu anaweza kusema familia hii irudi. Aliniangalia mimi, mwalimu. Akaufunga mdomo, akatoa titi, akamnyonyesha mchanga.

Mhudumu alimletea msichana juisi ya pili. "Mtoto mzuri huyu," aliniambia. "Hasumbui kabisa. Wangekuwa wote hivi."

Niliporudi Kigoma nilimkuta bosi anajua tayari. Habari za kambi hazihitaji barabara. Mtu fulani alikuwa amemsimulia jinsi yule bibi alivyomwandaa mtoto, naye alifurahi. Alitaka iingie kwenye somo. Maneno alikwishayatunga: mtoto apunguziwe mazoea na ndugu wanaobaki, mapema na kwa utaratibu.

"Hiyo siyo njia," nilimwambia. "Yule mwanamke alikuwa anajikata mkono."

"Imefanya kazi au haikufanya?"

"Kazi ya nani?"

"Mtoto alilia?"

"Hakulia."

"Basi," alisema.

Nilimwambia mimi sitalifundisha. Alisema hakuna shida, atafundisha mwingine, na kweli alifundisha mwingine. Sikuacha kazi kwa kishindo. Mkataba wangu uliisha, haukuandikwa mwingine.

Kabla haujaisha nilikwenda kambini kumwona bibi. Nilimkuta amekaa mlangoni, anachambua maharage. Alisogea kando nikae, na hakungoja hata salamu ikamilike.

"Alilia?"

"Hakulia, Bibi."

"Kwa ngazi?"

"Alipanda mwenyewe."

"Ndege ilipopanda?"

"Alinyonya pipi. Alikaa vizuri. Hata wahudumu walimsifu."

Alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye maharage. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na aliniuliza?"

"Hapana."

"Hakusema kitu?"

Nilitaka kumpa jibu zuri la uongo. Aliniona nalitafuta.

"Sema, mwalimu. Miye si mtoto."

"Alimwambia mama yake asilie. Alisema wewe ni mbaya."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu anayeambiwa mzigo wake umefika. Vidole vyake viliendelea na maharage. Akauliza, bila kuniangalia, "Na huko, nani atamwambia?"

"Mama yake atamwambia."

"Lini?"

"Akikua. Akikua ataelezwa yote."

"Akikua atakuwa amenisahau," alisema. "Sasa atamweleza habari za nani?"

Nilifungua mdomo kubishana. Gari letu lilipiga honi upande wa bomba la maji, na bibi akaniambia niende, wasije wakaniacha.